Injini mpya, pampu ya zamani: Kinachozikwamisha timu kwenye milima ya Upare

Mechi ni saa 10 jioni. Saa 8 mchana timu nzima imeshajibana ndani ya Noah mjini Same. Jezi ziko kwenye mfuko wa salfeti, mpira uko miguuni kwa kipa, na katibu anahesabu vichwa kwa mara ya tatu. Mjini gari linavuta vizuri. Kwenye lami linaitika. Barabara ya kwenda Mbaga inapoanza kupanda, injini inakohoa, inashtuka, inakohoa tena, kisha kimya.

Wachezaji wanashuka na kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya tairi. Dereva anapiga stata, gari linawaka, linasogea mita 50, linazima. Huko juu wenyeji wameshapiga chokaa uwanja, na mbuzi wa mshindi kafungwa chini ya mti anakula majani. Dakika zinakwenda. Timu isipofika kwa muda uliopangwa, mwamuzi anapuliza filimbi na wenyeji wanabeba pointi tatu bila kutoka jasho.

Aliyecheza ndondo milimani kwa misimu miwili mitatu anakijua kisa cha aina hii. Ukichimba historia ya gari husika, mara nyingi jibu ni lilelile: "Injini tumebadilisha juzi tu, kitu kipya kutoka Japani."

Tatizo linaanzia hapohapo. Injini ilibadilishwa, lakini pampu ya mafuta hakuna aliyeikumbuka.

STRAIKA BILA KIUNGO

Kubadili injini ni jambo la kawaida Tanzania. Injini iliyokufa ikifunguliwa na kuundwa upya, gharama ya spea na muda wa gereji inaweza kumshinda mwenye gari, hivyo wengi huamua kununua injini iliyotumika Japani na kuipandikiza. TownAce ya zamani yenye injini 5K ya kabureta inapewa 3S-FE. Mark II GX100 iliyokuja na 1G-FE inavalishwa 1JZ yenye turbo. Hiace ya petroli inageuzwa kuwa ya dizeli kwa 3L au 5L. Land Rover 109 na 110, ambazo kwa miaka mingi zimepandisha abiria na mizigo milimani, zinawekewa 300Tdi au hata 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2.

Injini ikishakaa kwenye mikono yake na giaboksi ikashikana, mwenye gari anaona kazi imekwisha. Ni sawa na klabu iliyosajili straika wa mabao 20 kwa msimu, halafu ikamwacha kiungo yuleyule ambaye pasi zake hazifiki. Wiki ya kwanza straika atasingiziwa kwamba ni mzigo, kumbe hapati mpira.

Pampu ndiye kiungo huyo. Kazi yake ni kuyatoa mafuta kwenye tenki na kuyafikisha kwenye injini kwa presha inayotakiwa na kwa wingi unaotakiwa, muda wote, gari likiwa tambarare au mlimani. Presha na wingi ni vitu viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya.

KILA INJINI NA PRESHA YAKE

Injini ya kabureta haitaki presha kubwa. Pampu yake ya kusukumwa na injini yenyewe hutoa kati ya PSI 3 na 6 hivi. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hivi.

Injini ya petroli yenye nozo ni habari nyingine kabisa. Injini nyingi za Toyota za kizazi cha 3S-FE, zile zenye bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki, zinataka kati ya PSI 38 na 44. Nyingi za kizazi kilichofuata cha VVT-i, ambazo mafuta hayarudi kutoka kwenye injini, zinataka kati ya PSI 44 na 50. Sasa chukua TownAce ya kabureta, ipandikize 3S-FE, halafu acha pampu ileile ya PSI 5. Gari halitawaka, na likiwaka halitafika popote.

D4 ina mambo yake. Injini kama 3S-FSE na 1AZ-FSE, hii ya pili ikiwemo kwenye Noah na Voxy za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zina pampu mbili. Moja iko ndani ya tenki na inafanya kazi kwa presha ya kawaida. Ya pili iko kwenye injini, inasukumwa na kemshafti, na inapeleka mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha inayoweza kuzidi PSI 1,000. Fundi akibadilisha ya tenki na gari likaendelea kukosa nguvu, asishangae. Huenda aliyeumia ni yule wa pili.

Dizeli nayo ina utaratibu wake. 1HZ haina pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu yake ya nozo inayavuta mafuta yenyewe kutoka nyuma, na juu ya filta kuna kipampu cha mkono cha kutolea hewa. 300Tdi ina pampu ndogo ubavuni mwa injini, inayosukumwa na kemshafti, inayoyapeleka mafuta kwenye pampu ya nozo. Kosa linalojirudia wakati wa kugeuza petroli kuwa dizeli ni kuiacha ile pampu ya umeme ya petroli ndani ya tenki, ikiwa imezimwa. Pampu iliyolala inakuwa kizibo. Injini inavuta mafuta kama mtu anayenywa uji mzito kwa mrija mwembamba. Kwenye lami inavumilia, kwenye mlima inashindwa. Pampu hiyo inapaswa kutolewa, bomba la kunyonya liwekwe safi, na tenki lioshwe kabla dizeli haijaingia.

HESABU YA WINGI

Baada ya presha kuna wingi, na hapa hesabu yake ni rahisi kuliko msimamo wa ligi siku ya mwisho. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikikanyagwa mpaka mwisho, hutumia takriban lita 0.3 za mafuta kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Yenye turbo inahitaji zaidi, karibu lita 0.37.

Chukua 3S-FE ya nguvu za farasi 130. Zidisha mara 0.3, unapata lita 39 kwa saa. Ongeza robo kwa ajili ya usalama, maana pampu inazeeka na filta inachafuka, unafika karibu lita 50. Sasa chukua 1JZ yenye turbo ya nguvu 280. Zidisha mara 0.37, unapata lita 104 hivi. Ongeza robo tena, unafika lita 130. Gari ni lilelile na tenki ni lilelile, lakini mahitaji yameongezeka zaidi ya mara mbili.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu nayo isomwe kwa akili. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa haitoi lita hizo kila mahali. Presha ikipanda, wingi unapungua. Umeme ukishuka, wingi unapungua zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza spea ni "inatoa lita ngapi kwenye PSI 43?" Asiyejua jibu hilo anauza boksi.

Pampu kubwa kupita kiasi nayo ina balaa lake. Kwenye injini yenye bomba la kurudisha, mafuta ya ziada yote yanapaswa kurudi kwenye tenki. Bomba la kurudi likiwa jembamba, au likiwa halipo kabisa kwa sababu gari la zamani halikuwa nalo, presha inapanda, injini inakunywa kupita kiasi, moshi mweusi unatoka na plagi zinajaa masizi. Wese la kufika Moshi linaishia njiani. Anayepandikiza injini yenye kurudisha kwenye gari lisilo na njia hiyo lazima ajenge njia hiyo.

MLIMA HAUDANGANYIKI

Mji wa Same uko zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, kwenye ukanda wa joto na ukame. Kilele cha Shengena, kilichoko juu ya msitu wa Chome, kinazidi mita 2,400. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kona, vumbi, tope la masika na miinuko inayolazimisha gia ya kwanza. Gari linaloonekana zima kwenye barabara kuu, kupitia Makanya na Hedaru, linaweza kuonyesha ugonjwa wake wote ndani ya kilometa tano za kupanda.

Sababu ya kwanza ni mahitaji. Mlimani dereva anakanyaga mafuta kwa muda mrefu, gari limejaa watu wanane, na injini inaomba kila tone. Pampu iliyochoka, inayotosha kwa mwendo wa lami, inafika mwisho wake hapo.

Ya pili ni namna mafuta yanavyokaa kwenye tenki. Gari likiinua pua, mafuta yanakimbilia nyuma. Kama mdomo wa pampu uko mbele ya tenki, na mafuta yako robo, pampu inameza hewa. Wanaobadilisha pampu hukosea zaidi hapa: pampu ya gari jingine inaweza kuwa fupi kwa sentimeta mbili tatu kuliko ile ya awali. Inaingia, inafungwa, inafanya kazi, lakini chujio lake linaning'inia juu badala ya kulala kwenye sakafu ya tenki. Geji inasema robo, pampu inasema hakuna kitu. Dereva anaapa kwamba mafuta yapo, na kweli yapo, ila pampu haiyafikii.

Ya tatu ni urefu wa kupandisha. Kila mita moja ambayo mafuta yanapandishwa inakula takriban PSI 1. Kwa pampu ya PSI 43 hiyo ni chenji. Kwa pampu ya kabureta ya PSI 4, hiyo ni robo ya nguvu yake yote, na kwenye mteremko mkali injini inakuwa juu zaidi ya tenki la nyuma.

Ya nne ni joto. Petroli ikipata moto na ikawa inavutwa, inaanza kutoa mvuke ndani ya bomba, na pampu ya kabureta haiwezi kusukuma mvuke. Kadiri unavyopanda juu ndivyo mvuke unavyotokea kwa joto dogo zaidi. Ndiyo maana madereva wa zamani walibeba kitambaa na maji ya kumwagia pampu. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na ekzosi, au kuweka pampu ya umeme ya presha ndogo karibu na tenki, iyasukume mafuta badala ya kuyavuta.

HATA MABINGWA WALIZIMIKIWA

Anayedhani haya ni matatizo ya magari ya mtumba akumbuke Bahrain, Machi 20, 2022, mbio za kwanza za Formula 1 za msimu ule. Max Verstappen, bingwa wa dunia, alikuwa nafasi ya pili zikiwa zimebaki raundi chache kabisa. Gari likakosa nguvu, akaingia pembeni. Raundi ya mwisho, mwenzake Sergio Perez, aliyekuwa akiwania jukwaa, injini ikamkatikia kwenye kona na gari likazunguka. Red Bull iliondoka bila pointi hata moja, huku Charles Leclerc na Carlos Sainz wa Ferrari wakimaliza wa kwanza na wa pili.

Timu ilipochunguza, ilieleza kwamba ombwe lilijitengeneza ndani ya mfumo wa mafuta, pampu ikashindwa kuyavuta na kuyafikisha kwenye injini. Kwa maneno mengine, injini zilikuwa nzima, ila hazikulishwa.

Ombwe la aina hiyo linapatikana hata kwenye Noah ya Same. Tenki linapotoa mafuta, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko au kwenye bomba lake kikizibwa na vumbi, tenki linajinyonga. Gari linakwenda nusu saa, linazima, likipumzika linawaka tena. Kipimo chake hakina gharama: gari likizima, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia "fyuuu" ndefu na gari likawaka palepale, umeshampata mchawi. Usinunue pampu.

UKAGUZI KABLA YA KADI NYEKUNDU

Pampu nyingi zinatupwa zikiwa nzima. Gari likikosa mafuta, mwenye gari anasikia neno "pampu" na kukimbilia dukani. Anafunga mpya, siku mbili gari linakwenda, ya tatu linarudi palepale. Benchi la ufundi lenye akili linaanza na vitu vya bure, kisha linapanda.

Kwanza, sikiliza. Mtu mmoja apige stata, mwingine aweke sikio karibu na tenki. Pampu ya umeme inasikika ikivuma. Isipovuma, usiihukumu. Angalia fyuzi, kisha rilei. Rilei ya pampu mara nyingi inafanana na nyingine kwenye boksi lilelile, hivyo ibadilishane na ya honi uone. Kama namba zake ni zilezile na gari likawaka, umeokoa fedha.

Pili, pima umeme kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikiwa inanguruma. Kwenye betri utakuta karibu volti 14. Kwenye pampu ukikuta 11 au 10, pampu haina kosa. Waya mwembamba, viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu, au waya wa ardhi wenye kutu ndivyo vinavyoila nguvu yake. Angalizo moja: baadhi ya magari yameundwa kupunguza umeme wa pampu kwa makusudi injini ikiwa sailensa, hivyo pima pia mtu akikanyaga mafuta. Kwenye magari yaliyobadilishwa injini, kipimo hiki ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya pampu ndogo.

Tatu, presha. Fundi mwenye geji ya mafuta aifunge kwenye njia ya nozo. Injini ikiwa sailensa, chomoa mpira mwembamba wa upepo kwenye kidhibiti presha. Kwenye mfumo wa kurudisha presha inapaswa kuruka juu kidogo. Ukikuta petroli ndani ya mpira huo, kidhibiti kimepasuka ndani. Ukizima gari na presha ikashuka hadi sifuri papo hapo, kuna mahali inavuja: valvu ya pampu, kidhibiti au nozo. Gari la hivyo asubuhi hupigwa stata ndefu kabla ya kuwaka.

Nne, wingi. Presha inaweza kuwa nzuri gari likiwa limesimama lakini mafuta yakawa machache kazi ikizidi. Kwenye mfumo wa kurudisha, elekeza bomba la kurudi kwenye chombo cha chuma, gari likiwa sailensa, upime kwa dakika moja. Lita moja kwa dakika ni lita 60 kwa saa. Linganisha na hesabu ya injini yako. Kama hayatoshi, angalia filta kwanza, na chujio la ndani ya tenki, ndipo umlaumu kiungo.

Tano, kwa dizeli tafuta hewa. Kwenye bomba la kunyonya, klipu iliyolegea huenda isidondoshe mafuta nje. Inaingiza hewa ndani. Unaweza kuzunguka gari zima usione tone. Weka kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, kwa muda wa kupima tu, utazame mapovu. Yakipita mapovu wakati injini inanguruma, tatizo liko nyuma ya hapo.

Kipimo cha sita ni barabara. Gari linalokatika ghafla kama taa iliyozimwa, mara nyingi lina shida ya umeme wa plagi au waya. Gari linalofifia polepole, likipumzika linapata nguvu, likikanyagwa linafifia tena, hilo lina njaa ya mafuta. Dereva anayeweza kueleza tofauti hiyo anampunguzia fundi nusu ya kazi.

Mafuta yenyewe nayo yaangaliwe. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini wese la kwenye chupa kando ya barabara huwezi kujua limepita wapi. Maji na uchafu huziba chujio na kuua pampu mapema. Pampu ya ndani ya tenki hupozwa na mafuta yanayoizunguka, hivyo dereva anayeishi kwenye taa nyekundu anaichoma mwenyewe taratibu.

WAYA MMOJA UNAOWEZA KUUA

Hadi hapa hasara ilikuwa mbuzi na pointi tatu. Kuna kubwa zaidi.

Injini ikizima katikati ya mteremko, breki inayosaidiwa na upepo wa injini inabaki na mikanyago michache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Kwenye tambarare hiyo ni kero. Kwenye kona za kushuka kutoka Mbaga au Suji, gari likiwa na vijana wanane, hiyo ni hatari ya maisha. Gari lenye tabia ya kuzima lenyewe halipaswi kubeba timu, hata kama "linazima mara moja moja tu".

Hatari nyingine inatengenezwa gerejini. Nyaya za injini mpya zikileta ubishi, wapo wanaounga pampu "dairekti" kwenye swichi ya ufunguo. Gari linawaka, kila mtu anafurahi. Lakini mfumo wa kiwandani umewekwa kwa sababu: injini ikizima, kompyuta inakata umeme wa pampu. Pampu iliyoungwa dairekti haijui kwamba gari limepinduka. Inaendelea kusukuma petroli kwa PSI 40 kupitia bomba lililokatika, juu ya ekzosi ya moto, watu wakiwa bado ndani. Pampu lazima ipite kwenye rilei inayokatwa na kompyuta ya injini, au angalau na swichi ya presha ya oili, na iwe na fyuzi yake.

Mipira ya mafuta ina sheria hiyohiyo. Mpira wa kabureta haukuundwa kubeba presha ya nozo. Utavumilia wiki, mwezi, kisha utapasuka. Unaofaa umeandikwa ubavuni kwamba ni wa mfumo wa nozo, na klipu zake ni zile zinazobana kwa mduara mzima. Na yeyote anayefungua njia ya mafuta aondoe presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, acha injini inguruме mpaka izime yenyewe, fanya kazi nje penye hewa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, sigara ikiwa mbali.

KABLA YA MSIMU

Polisi Tanzania ilipokuwa Ligi Kuu ikiutumia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, shabiki wa Same alikuwa na safari ya kama kilometa 100 kuziona Simba na Yanga bila kwenda Dar es Salaam. Sasa anayetaka kuiona Kariakoo Dabi kwa Mkapa ana zaidi ya kilometa 400 mbele yake. Na ndondo za milimani hazijasimama. Magari yatakodiwa, na mengi kati yao hayana injini zilizokuja nazo.

Kiongozi wa timu hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: injini hii ni ya gari hili? Kama imebadilishwa, pampu nayo ilibadilishwa, na inakatwa na nini gari likizima? Halafu aangalie kadi ya gari, kwa sababu namba ya injini iliyoandikwa humo inapaswa kulingana na iliyopo, na mabadiliko hayo hupelekwa TRA.

Mwenye gari naye afanye jaribio siku ambayo hakuna mechi. Ajaze mafuta nusu tenki, apakie mizigo yenye uzito wa timu, apande mlima kwa gia ya chini bila kupumzika. Gari likikohoa siku hiyo, atakuwa amepoteza mchana mmoja tu na atarudi gerejini akijua pa kuanzia. Likikohoa Jumapili, wachezaji 11 watafika uwanjani kwa miguu, wamechoka, dakika ya 30 ya kipindi cha kwanza, wakikuta wenyeji wameshachinja mbuzi.